Rangi ya nje inayovuka kipupwe: mwongozo kamili kwa nyumba za Moshi na Arusha

Kila ikifika Juni napigiwa simu za aina moja: “Tulipaka Desemba tu, mbona ukuta wa nyuma unavua magamba?” Anayepiga anaweza kuwa Kibosho, Marangu, Sakina au Tengeru, kisa ni kile kile. Nyumba ilipakwa kwa siku nne kabla ndugu hawajapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi. Ikapendeza kwenye picha. Masika ikanyesha, kipupwe kikaingia, rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Lawama zinamwangukia fundi au aliyetengeneza rangi, na mara nyingi wote wawili wanasingiziwa.

Huku kwetu mvua inayoupiga ukuta kwa nje ni adui mdogo. Adui mkubwa ni maji yaliyokwisha kuingia ndani ya ukuta na sasa yanatafuta pa kutokea. Ukiyafunika kwa rangi, siku jua litakapowaka yatageuka mvuke na kuisukuma rangi kutoka nyuma. Ndiyo maana katika mwongozo huu kopo la rangi halifunguliwi mpaka hatua ya saba.

## Andaa kwanza

- Skrepa, brashi ya waya, msasa mkavu na msasa wa maji
- Fagio gumu, ndoo mbili, jiki na sabuni ya unga
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa
- Nailoni safi inayoonyesha ndani, vipande vya nusu mita kwa nusu mita, na solotepu pana
- Saruji na mchanga safi uliochekechwa, au kijazio cha nyufa cha matumizi ya nje
- Sealanti ya akriliki ya kuziba pembeni mwa fremu (si silikoni, sababu iko hatua ya tano)
- Praima ya nje (rangi ya kwanza inayoandaa ukuta) inayohimili ukali wa saruji
- Rangi ya maji ya nje. Kopo liwe limeandikwa wazi kuwa ni ya nje
- Rola ya manyoya marefu kwa plasta yenye mikwaruzo, ya manyoya mafupi kwa plasta laini, na brashi ya inchi 3 au 4
- Ngazi imara au jukwaa, turubai, tepu ya karatasi

Kuhusu kiasi, usikadirie kwa macho. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9 yenye kuta za mita 3. Mzunguko wake ni mita 42. Zidisha mara 3, unapata mita za mraba 126. Toa madirisha na milango, tuseme 20, zinabaki 106. Lita moja kwenye plasta yetu ya kawaida hupaka mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, na ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi. Mikono miwili ni mita 212, sawa na lita 26 na nusu. Nunua ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4. Praima ni mkono mmoja, lita 13 na kidogo, kwa hiyo galoni nne.

Fundi akikuambia ndoo moja inatosha nyumba hiyo, jua zilizobaki atajaza maji.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Dirisha zuri ni Januari na Februari. La pili ni Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba, kabla vuli haijaanza. Ukuta wa tofali za saruji haukauki upesi kama shati kwenye kamba. Ukishaloa masika nzima unahitaji wiki kadhaa za hewa kavu, na Juni, Julai na Agosti haziitoi hewa hiyo: wingu linalala hadi saa sita mchana, asubuhi kuna manyunyu.

Baridi nayo ina kesi yake. Rangi nyingi za maji zinataka ukuta usiopungua nyuzi joto 10 mpaka zikauke kabisa. Alfajiri ya Julai Arusha mjini hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na huko juu karibu na msitu hushuka zaidi. Chembe za rangi zikikutana na baridi haziungani vizuri. Kwa macho utaona imekauka, kumbe ni unga ulioshikiliwa kwa huruma.

Sasa kitu ambacho wengi hawajakiangalia. Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua letu linapita upande wa kaskazini, yaani upande wa mlima: Kilimanjaro kwa mtu wa Moshi, Meru kwa mtu wa Arusha mjini. Ukuta wa kusini, unaoupa mlima mgongo na kutazama tambarare, hauguswi na jua muda wote huo, masika na kipupwe pamoja. Ndio “ukuta wa nyuma” wa zile simu za Juni. Upe siku za ziada za kukauka, na uwe wa mwisho kupakwa.

Na Krismasi je? Najua huwezi kumwambia mama wageni watakuta nyumba chakavu. Ushauri wangu: Desemba osha nyumba yote, paka upande wa baraza tu kama umepita vipimo vya hatua ya tatu, ukuta wa kusini uache hadi Januari. Wageni wanakaa barazani, hakuna anayekwenda kupiga picha nyuma ya jiko.

## Hatua ya 2: Fuata maji yanakoingia

Zunguka nyumba wakati mvua inanyesha, ukiwa na mwavuli. Dakika kumi za mvua zitakuonyesha zaidi ya siku nzima ya jua.

Anza juu. Gata zilizojaa majani ya miparachichi na migrevilea hufurika kwa nyuma na maji kuteremkia ukutani. Ukiona mchirizi mweusi chini ya ubao wa fisha (ule unaofunika ncha za kenchi ukingoni mwa paa), hapo gata inavuja au imelala upande usiofaa.

Nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa ndizo zinazonipa kazi nyingi. Ule ukuta unaopanda juu ya bati umeachwa wazi kichwani, umepigwa plasta tu na kupakwa rangi. Mvua inaushukia wima, maji yanaingia kwenye nyufa nyembamba za juu na kutokea mita moja chini kama ramani. Paka mara kumi, ramani itarudi. Dawa yake ni kuufunika kichwa kwa bati au zege lenye mteremko, lijitokeze kidogo pande zote, na chini ya ukingo wake pawe na mfereji mdogo unaolazimisha tone kudondoka badala ya kurudi ukutani. Vivyo hivyo kwa vizingiti vya chini vya madirisha: pitisha kidole chini ya ukingo. Kama hukutani na mfereji, tone linatambaa hadi ukutani.

Kisha angalia chini. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na matone hurukia ukutani na kuacha mkanda wa rangi ya matofali, na watu wanadhani tatizo ni uchafu. Uchafu unaoshwa. Tatizo ni pale udongo ulipopandiana mwaka hadi mwaka, bustani ikaongezwa, mpaka umefunika ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyotandikwa juu ya msingi. Maji yanaruka kizuizi na kuingia ukutani moja kwa moja. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya kizuizi hicho, kisha tandaza mkanda wa kokoto wenye upana wa nusu mita kuzunguka nyumba, au zege lenye mteremko wa kwenda nje. Kokoto zinavunja nguvu ya tone, halirushi tope.

Onyo: Usitatue mkanda wa chini kwa kuupaka rangi nyeusi ya mafuta. Inaficha tope, kweli, lakini haipitishi mvuke. Ukuta wenye unyevu utaitupa rangi hiyo vipande vipande kama maganda ya ndizi.

Umefanikiwa ukiona: mvua inayofuata inapiga na hakuna mchirizi unaotambaa ukutani kutoka gata, kichwa cha ukuta wala dirishani.

## Hatua ya 3: Uulize ukuta wenyewe kama umekauka

Mkono hautoshi. Nilijifunza hili kwenye nyumba ya mama yangu. Niliushika ukuta wa kusini saa nane mchana, nikaona mkavu, nikapaka. Miezi mitano baadaye nilitoboa lengelenge moja kwa ukucha, likatoa tone la maji safi kama chozi. Sikuwa na fundi wa kumlaumu, brashi nilishika mwenyewe.

Fanya hivi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa solotepu ili hewa isipite. Weka vipande vitano: kimoja kila upande wa nyumba, na kimoja sentimita 30 kutoka ardhini upande wa kusini. Acha kutwa na usiku kucha, saa 24.

Asubuhi kagua kabla hujabandua. Nailoni ikiwa na umande kwa ndani, au ukuta uliokuwa chini yake umekolea kuliko sehemu nyingine, bado. Rudia baada ya wiki. Ikiwa kavu pande zote, endelea.

Plasta mpya ina sharti lake: siku 28 kwa uchache kabla ya praima, na siku za mvua usizihesabu. Saruji mbichi ni kali kama magadi. Inaila rangi na kuacha mabaka yaliyopauka hata kama ukuta ni mkavu.

Ukiwa hapo, gonga plasta kwa mpini wa skrepa. Inapolia kama mtungi mtupu, imeachana na tofali. Ibomoe sasa na uipige upya.

## Hatua ya 4: Kwangua, ua kuvu, osha

Kwangua kila kinachokubali kutoka. Rangi inayokataa kabisa iache, lakini lainisha ukingo wake kwa msasa. Kuta za zamani zilizopigwa chokaa zinahitaji subira: pitisha kiganja, kikitoka cheupe endelea na brashi ya waya. Rangi mpya hushika kile kilichoko chini yake. Ikishika vumbi, itaondoka na vumbi.

Rangi za mafuta za miaka mingi, hasa kwenye milango na fremu, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, vaa barakoa, watoto wakae mbali, na makombo yazolewe yote.

Chumvi nyeupe iliyochanua ukutani ifagie ikiwa kavu. Ukianza na maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikirudi tena baada ya wiki, maana yake maji bado yanapita. Rejea hatua ya pili.

Kuvu jeusi na ule utando wa kijani vinataka dawa, kusugua tu hakutoshi. Changanya kipimo kimoja cha jiki na vitatu vya maji, paka kuanzia chini kwenda juu, acha dakika 15 hadi 20, sugua, kisha suuza sana kwa maji safi. Ukipaka rangi juu ya kuvu hai, linaendelea kuishi na ndani ya mwaka litatokeza.

Onyo: Usichanganye jiki na dawa ya choo wala kitu chochote chenye asidi au amonia, hutoa gesi yenye sumu. Funika migomba na maua yaliyo karibu, au yamwagie maji mengi kabla na baada.

Acha ukuta ukauke siku tatu au nne zenye jua, kisha rudia kipimo cha nailoni upande wa kusini tu.

## Hatua ya 5: Ziba nyufa kwa kitu cha nje

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ile poda ya jasi inayolainishia kuta za ndani inauzwa rahisi, inateleza vizuri, na mafundi wengi wanaipiga hadi nje. Jasi hulainika ikiloa. Ikishapata masika moja inakuwa kama uji uliopoa, na rangi yako imeng'ang'ania uji huo. Nje tumia kijazio chenye asili ya saruji, au saruji na mchanga kipimo 1 kwa 3.

Ufa mpana kuliko unene wa sarafu uupanue kwanza kwa ncha ya skrepa uwe na umbo la V, toa vumbi, nyunyiza maji kidogo, jaza, sawazisha. Saruji ipe angalau wiki moja. Nyufa nyembamba kama unywele huzibwa kwa kijazio cha akriliki kinachonyumbulika, kwa sababu ukuta unapata joto mchana na baridi usiku, na kitu kigumu kitapasuka tena palepale.

Pembeni mwa fremu za madirisha piga sealanti ya akriliki. Silikoni ya kawaida haikubali rangi. Ukipaka juu yake inajikunja na kukimbia.

Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaozidi kupanuka, si kazi ya fundi rangi. Muite fundi ujenzi auangalie msingi kabla hujatumia senti.

## Hatua ya 6: Praima

Watu wanairuka kwa sababu haionekani. Hao hao ndio wananipigia Juni.

Nyunyiza maji kidogo ukutani. Yakinywewa papo hapo, ukuta una kiu, na bila praima utainywa gundi iliyo ndani ya rangi na kuuachia uso unga mtupu. Praima inashibisha kiu hiyo, inashika vumbi dogo lililobaki, na inaikinga rangi na ukali wa saruji.

Paka mkono mmoja kamili, nyufa zilizozibwa zipewe miwili. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo; kukiwa na ubaridi, lala nayo usiku mmoja.

Umefanikiwa ukiona: weupe umelingana, hakuna mabaka meusi ya unyevu, na kiganja kikipita kinabaki safi.

## Hatua ya 7: Rangi, mikono miwili

Anza saa tatu au nne asubuhi, umande ukishaisha ukutani, na ufunge kazi saa tisa alasiri. Rangi iliyopakwa saa kumi na moja jioni inakutana na umande ikiwa mbichi; asubuhi utaona michirizi inayong'aa kama njia ya konokono.

Usipake ukuta unaochomwa na jua moja kwa moja. Asubuhi kaa upande wa magharibi, mchana hamia mashariki. Rangi ikikauka kabla rola haijarudi, maunganiko yatabaki kama mistari.

Koroga ndoo mpaka chini, si juu juu. Kisha yatakuja yale mazungumzo:

“Kaka, hii rangi nzito hii. Tuipige maji kidogo?”

“Kopo linasemaje, fundi?”

“Haya maandishi ya kiwandani tu. Sisi tunajua kwa mkono.”

Soma kopo. Nyingi huruhusu asilimia 5 hadi 10 ya maji kwa mkono wa kwanza, yaani lita moja hadi mbili kwa ndoo ya lita 20, na pungufu ya hapo au bila kabisa kwa wa pili. Pima kwa chupa, usikubali “kidogo” ya mdomo. Kila lita inayozidi inakupunguzia unene wa ngozi inayokinga ukuta, na ngozi hiyo ndiyo ulionunua.

Mtu mmoja atangulie na brashi kwenye kona na pembeni mwa fremu, wa pili amfuate na rola kabla ya kukauka. Teremkeni kutoka juu, na ukuta mmoja umalizwe kona hadi kona bila kusimama kula. Chakula kiwe kati ya ukuta na ukuta.

Mkono wa pili upigwe kesho yake. Kopo linaweza kusema usubiri muda wa saa nne tu, lakini hesabu hiyo ni ya hewa yenye joto na kavu. Wingu jeusi likionekana juu ya mlima, acheni. Rangi mbichi inahitaji saa 24 bila mvua.

Umefanikiwa ukiona: baada ya wiki moja bandika solotepu, ibonyeze, ivute kwa nguvu ghafla. Ikitoka safi, rangi imeshika. Ikitoka na ngozi, kuna hatua uliyoiruka, na heri ujue sasa kwenye kipande cha kiganja.

## Hatua ya 8: Mbao na vyuma

Ubao wa fisha upakwe pande zote, hasa ncha zilizokatwa. Mbao hunywa maji kwa kichwa. Nondo za madirisha zisuguliwe kutu, zipigwe redioksaidi (praima ya chuma inayozuia kutu), kisha rangi ya mafuta. Ukiacha kutu, masika itaiteremsha kama machozi ya kahawia kwenye ukuta wako mpya.

## Hatua ya 9: Mizunguko miwili kwa mwaka

Mwanzoni mwa Juni, mvua ikikata, zunguka na kalamu. Safisha gata. Weka alama kila lengelenge, kila ufa, kila doa la kijani. Usipake chochote, andika tu.

Januari, rudi kwenye alama zako. Ukuta wa kusini uoshe kwa fagio laini na sabuni, ua kuvu kwa jiki kama hatua ya nne, ziba, piga praima, paka vile vipande tu. Kwa kazi hiyo ya nusu siku unahitaji rangi ileile, kwa hiyo iliyobaki usiiache kwenye ndoo nusu tupu ikaganda. Imimine kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, funga, na juu ya kifuniko andika kwa maka pen namba ya rangi, tarehe na ukuta uliopakwa.